Mpira wa kichwani mwa mwanangu umeingia maambukizi, na baba yake hataki upasuaji tena

Shikamoo Daktari.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume ambaye bado hajatimiza mwaka. Alizaliwa njiti, akakaa muda mrefu kwenye chumba cha joto, na baada ya miezi michache kichwa chake kikaanza kukua kuliko mwili. Tukaambiwa ana maji kichwani, akawekewa mpira, ule wanaouita shanti, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Nilimshukuru Mungu. Kichwa kilitulia, macho yake yakaanza kunifuata ninapopita, akawa anacheka kwa sauti.

Wiki chache baada ya kuruhusiwa akaanza kuchemka. Haikuwa homa kali, ni joto la jioni jioni tu. Akawa anakataa ziwa, ukimbeba analia, ukimlaza analia. Nikampeleka kituo cha afya cha karibu, wakampa antibiotiki ya maji. Akapata nafuu, nikajua yamekwisha. Dozi ilipoisha, homa ikarudi, na safari hii ngozi ya nyuma ya sikio, pale mpira unapopita, ikawa nyekundu na imevimba. Tukarudi hospitali aliyofanyiwa upasuaji. Wakamchoma sindano nyembamba kwenye kile kitufe cha mpira kichwani, wakavuta maji, wakasema mpira umeingia maambukizi. Wanataka kuutoa wote, wamwekee mrija wa kutolea maji nje, apigwe dawa za mshipani kwa muda, kisha wamwekee mpira mpya. Yaani upasuaji juu ya upasuaji.

Baba yake hataki kusaini. Anasema kama ni wadudu, dawa zipo, wampige sindano kali na mpira wamwachie. Mama mkwe naye amesema mbele za watu kwamba mimi ndiye niliyemponza mtoto, kwamba nilimwogesha mapema na kuwaachia wageni wambebe. Silali. Nakaa kando ya kitanda nikijiuliza niligusa nini, ni lini nilisahau kunawa mikono.

Daktari, naomba unieleze. Je, kosa ni langu? Haiwezekani kutibu kwa sindano bila kuutoa mpira? Ubongo wake utaharibika? Na huo mpya, si utapatwa na yaleyale?

Mama wa wodini

JIBU

Marahaba, mama, na pole sana. Barua yako nilikujibu siku ileile niliyoipokea, maana jambo lenyewe halisubiri zamu ya safu. Hapa naichapisha kwa ruhusa yako. Yanayoweza kukutambulisha nimeyaondoa, na jibu nimelirefusha kwa ajili ya wazazi wengine wenye watoto wa shanti.

Nianze na baba mtoto, kwa kuwa ni saini yake inayosubiriwa. Hoja yake ina mantiki. Nimonia kali inatibiwa kwa sindano ikapona. Homa ya uti wa mgongo kwa mtoto asiye na mpira nayo hutibiwa kwa sindano. Kwa nini hii ishindikane? Jibu limo kwenye mpira wenyewe. Dawa husafiri na damu, na nyama ya mwili imejaa mishipa inayoifikisha dawa, pamoja na chembe za kinga, mpaka walipo wadudu. Silikoni haina mshipa hata mmoja. Bakteria wanaoongoza kwa kuvamia mipira hii ni Staphylococcus epidermidis, wakazi wa kawaida wa ngozi ya kila mtu: yako, yangu, na ya daktari aliyemfanyia mtoto upasuaji. Wakiwa juu ya ngozi hawamdhuru mtu. Wakitua kwenye silikoni hujinata, huzaana na kujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Ute huo ulielezwa tangu mwaka 1972, pale Roger Bayston wa Uingereza na mwenzake walipochunguza bakteria wanaovamia mipira ya watoto wenye maji kichwani.

Mfikirie mtu anayemwaga maji machafu ya pipa bila kusugua ule utelezi ulioshika ubavuni. Siku mbili tatu maji mapya yanaonekana safi, kisha uchafu unarudi. Antibiotiki huwaua bakteria wanaoelea kwenye maji ya ubongo, homa inashuka, mtoto ananyonya, wazazi wanapumua. Waliojificha chini ya ute wanabaki hai, kwa kuwa dawa inawafikia kwa shida na wao wenyewe wamepunguza mwendo wa maisha kiasi kwamba haiwaui. Dozi ikikatika wanaanza upya. Uliyaona haya kwa macho yako na ile dawa ya maji: nafuu, kisha kurudi, tena kwa nguvu zaidi. Sindano kali zikipigwa mpira ukiwa ndani, mara nyingi mwisho huwa huohuo, isipokuwa mtoto anakuwa amepoteza wiki nyingine. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani unasema mpira ulioambukizwa utolewe wote, maji yatolewe kwa mrija wa nje, na mpya uwekwe maambukizi yakishaisha. Madaktari wako hawajajitungia jambo.

Na kwa nini wasiutoe tu, wakasubiri mtoto apone bila kumwekea chochote? Kwa sababu ubongo hautulii. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji haya kila siku. Mtoto mchanga hutengeneza kidogo kuliko hapo, lakini hayakomi usiku wala mchana, na kwa mwanao njia yake ya kawaida imeziba. Mpira ukitoka bila njia nyingine kuwekwa, shinikizo litapanda tena kichwani.

Kwa hiyo, mama, jibu langu la swali la pili ni kwamba mruhusu. Msaini. Kila siku ya mabishano ni siku ya bakteria.

Kuhusu mrija wa nje nitasema kwa kirefu, kwa sababu nyinyi wazazi ndio mtakaokaa nao saa zote, na mara nyingi hakuna anayewaeleza. Mrija mwembamba unatoka kichwani, umeshonewa kwenye ngozi usivutike, unakwenda hadi kwenye chupa ndogo angavu yenye mistari ya vipimo, inayoning'inia kwenye stendi kando ya kitanda. Utaona tone likianguka, kisha jingine. Chini ya chupa kuna mfuko. Muuguzi hupanga chupa ile kwa kipimo, na alama ya sifuri huwa sawa na tundu la sikio la mtoto. Urefu huo ndio unaoamua maji yatoke kiasi gani. Ukimnyanyua mtoto umpakate anyonye huku koki ya mrija iko wazi, kichwa kinakuwa juu ya chupa na maji yanakimbia kwa wingi, ubongo unaweza kunywea na hata mishipa midogo ikachanika. Ukimshusha chini ya kiwango, maji hayatoki na shinikizo linapanda. Basi kabla hujambeba, hujainua kitanda au kumbadilisha nepi kwa kumwinua, mwite muuguzi afunge koki. Ukishamrudisha, hakikisha imefunguliwa tena. Kusahau kuifungua ni hatari sawasawa na kusahau kuifunga. Usione haya kumwita hata mara kumi kwa usiku mmoja.

Viungio vya mrija usivifungue wala kuvipangusa. Plasta ya kichwani ikilowa, sema. Maji yanayotoka yakiwa na ukungu au yamegeuka rangi ya damu, sema papo hapo. Mikono ya mtoto ivalishwe soksi, maana watoto wa umri wake huvuta chochote kinachoning'inia.

Dawa kwa kawaida huanza na vancomycin pamoja na nyingine ya kuwafikia bakteria wa aina tofauti, kisha hubadilishwa majibu ya kuotesha bakteria maabara yakitoka. Dawa ikibadilishwa usidhani ile ya kwanza imeshindwa. Ina maana sasa adui anajulikana kwa jina. Maji yatachukuliwa tena na tena kupimwa. Wapo bakteria wavivu, Cutibacterium acnes kwa mfano, wanaohitaji siku 10 au zaidi maabara kabla hawajaonekana, ndiyo maana unaweza kuambiwa "majibu bado" mpaka ukachoka. Muda wa dawa hutegemea aina ya mdudu. Kwa wengi wa hawa wa ngozini ni kati ya siku 10 na 14 hivi, na kwa wale wa jamii ya tumboni huweza kufika siku 21. Wakati huu waambie madaktari jina la ile dawa ya maji aliyopewa na lini alimaliza dozi. Hilo si jambo dogo. Antibiotiki iliyotangulia kipimo huweza kuwadhoofisha bakteria kiasi cha kutoota maabara, na ikawa vigumu kuwatambua.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, mama. Maambukizi mengi ya mipira hii hujitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo, na sababu yake ni kwamba bakteria huwa wameingia wakati wa upasuaji au siku za jirani yake, kabla kidonda hakijafunga. Mambo yaliyothibitika kuongeza hatari ni haya: mtoto kuzaliwa njiti, kuwekewa mpira akiwa bado mdogo sana, maji ya ubongo kuvuja kwenye kidonda baada ya upasuaji, na hata vitundu visivyoonekana kwenye glavu za wapasuaji wanapoushika mpira. Mwanao alibeba mawili kati ya hayo kabla hujamleta nyumbani. Hata vyumba vya upasuaji vyenye kila kitu havijaweza kuyamaliza maambukizi haya. Amerika ya Kaskazini, mtandao wa hospitali za watoto uliandika utaratibu mmoja wa kufuatwa hatua kwa hatua: tangazo mlangoni watu wasiingieingie, kitanda mbali na mlango, antibiotiki kabla ya kisu, glavu mbili mbili, na kadhalika. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha maambukizi yameshuka kutoka asilimia 8.8 hadi 5.7. Yalishuka, lakini hayakufika sifuri, na hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo kila siku.

Ni kweli kidonda kibichi hutunzwa kikavu mpaka daktari aruhusu, na hilo walifuate wote. Lakini kumbeba mtoto hakumwingizii bakteria kichwani, ngozi ikishafunga. Mama mkwe ni mzazi, naye ana hofu yake, na hofu hutafuta wa kulaumiwa. Mwombe daktari au muuguzi wa wodi amweleze yeye mwenyewe, ana kwa ana. Maneno hayohayo yakitoka kwako atasema unajitetea. Na baba mtoto asiache neno lile lililosemwa mbele za watu lipite hivihivi. Mke wake yuko kando ya kitanda cha mtoto wao, anahitaji mtu wa kusimama upande wake.

Kuhusu ubongo, sitakudanganya. Maambukizi ya maji ya ubongo yanaweza kuacha alama. Yanaweza kuleta degedege, kupunguza uwezo wa kujifunza, au kuvigawa vyumba vya maji ndani ya ubongo kwa makovu, hata mpira mmoja usitoshe tena kuvitoa maji vyote. Mengi hutegemea ni bakteria gani (hawa wa ngozini kwa kawaida ni wapole kuliko wale wa tumboni), ubongo ulikuwa katika hali gani kabla, na matibabu yameanza lini. Dalili ulizozieleza, homa ndogo, kukataa ziwa, wekundu kwenye njia ya mpira, zinafanana na za wale wapole, ingawa majibu ya maabara ndiyo yatakayosema. Watoto wengi hupita katika hili na kuendelea kukua, kukaa, kutembea, kusoma. Akitoka, mpelekeni kliniki ya maendeleo ya mtoto na mtaalamu wa mazoezi mapema. Msikae mkisubiri kuona kama atachelewa.

Na mpira mpya? Ni kweli kwamba aliyewahi kupata maambukizi ana hatari kubwa zaidi ya kupata tena. Yapo mawili ya kumuuliza mpasuaji kabla ya siku hiyo. La kwanza, kama wanaweza kupata mpira uliolowekwa antibiotiki ndani ya silikoni. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na Ireland, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 1,605, watoto na watu wazima, ulionyesha maambukizi kwa asilimia 2 tu ya waliopewa mipira hiyo, dhidi ya 6 kwa mipira ya kawaida. Ile iliyowekewa madini ya fedha haikuonyesha faida hiyo. La pili, uliza kama mtoto huyu anafaa kufunguliwa njia ya maji kwa kamera ndani ya ubongo, asihitaji mpira kabisa. Benjamin Warf, mpasuaji kutoka Marekani, akiwa Mbale nchini Uganda, aliunganisha njia hiyo na kuchoma sehemu ya tishu zinazotengeneza maji, mahsusi kwa watoto wachanga. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 100 wa huko, ambao maji yao yalitokana na maambukizi ya utotoni: baada ya mwaka mmoja, uwezo wa akili wa waliotibiwa kwa njia hiyo haukutofautiana na wa waliowekewa mpira. Si kila mtoto anafaa, na aliyekwisha kuambukizwa huweza kuwa na makovu yanayozuia. Mpasuaji ndiye anayeona picha za ubongo. Wewe uliza tu, una haki hiyo.

Nina neno kwa akina baba wanaojiona hawana nafasi katika mambo ya hospitali. Vali, kile kidude kinachoongoza maji ndani ya mpira, ya mwaka 1956 iliyofungua enzi ya mipira hii ya silikoni ilibuniwa na John Holter, fundi wa mitambo huko Marekani, ambaye hakuwa daktari. Mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi na maji kichwani, naye akauliza maswali, akatazama jinsi mirija inavyofanya kazi, akaingia karakana. Baba mtoto, uliza maswali yote uliyo nayo. Ila uyaulize hapo wodini, kalamu ikiwa mkononi.

Mkirudi nyumbani, jambo moja litangulie mengine yote: asipewe antibiotiki yoyote kwa homa isiyojulikana chanzo kabla hamjazungumza na timu ya upasuaji wa ubongo. Kituo cha karibu hawakukusudia ubaya, wengi hawajawahi kumshika mtoto mwenye shanti. Mwonyeshe kila atakayempima pale mpira ulipo, umwambie uliwekwa lini. Homa ya mtoto huyu mwaka wa pili au wa tatu huenda ikawa ya sikio, koo, mkojo, au malaria mahali ilipo, na hizo zitafutwe. Lakini ndani ya miezi hii ya mwanzo, mpira ndio uchunguzwe kwanza. Shingo isipokakamaa msijipe moyo, kwa maambukizi ya mpira mara nyingi haikakamai. Homa nayo huweza kukosekana kabisa. Angalieni utosi uliovimba akiwa ametulia, kutapika kusikoeleweka, usingizi mzito asioamka kunyonya, macho kuelekea chini kama yanazama, uvimbe au wekundu popote njia ya mpira inapopita, kidonda kinachovuja. Na tumbo pia, mama. Watu husahau kwamba mpira unaishia tumboni. Maambukizi huweza kukusanya maji huko kama puto, tumbo likajaa na kuuma, na akatibiwa minyoo wakati tatizo liko kwenye shanti. Kipimo cha ultrasaundi hulionyesha mara moja.

Hospitali iwape nakala ya picha ya ubongo aliyopigwa akiwa mzima baada ya mpira mpya, pamoja na karatasi yenye aina ya mpira na tarehe ya kuwekwa. Siku akiugua mbali na hospitali yenu, daktari mgeni atakuwa na cha kulinganisha. Chanjo zake zote zifuate ratiba, hasa zile za nimokoko na Hib, zinazozuia homa ya uti wa mgongo. Aliyewahi kukuambia kwamba mtoto wa shanti hachanjwi amekosea. Homa kidogo siku mbili za chanjo si ajabu. Ikipita hapo, mpigie simu yule yule daktari aliyemwekea mpira, na namba hiyo awe nayo kila mtu atakayebaki na mtoto ukitoka, mama mkwe akiwemo.